Jina la Kumwomba Mtu Abaki

"Na huyo Mnaijeria wako akija," alisema Bi Khole huku akikaza kanga yake, "mwambie mimi siamkiwi kwa halo halo. Mimi naamkiwa shikamoo."

Tahira alikuwa kapiga magoti mbele ya sinia la halwa, anafuta ukingo wake kwa kitambaa. "Anaijua, bibi. Nimemfundisha."

"Umemfundisha na nini tena?"

"Bibi!"

Bi Khole akacheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo alikuwa na furaha, na furaha yake ilikuwa na haki. Shukriya, dada yake Tahira, alikaa miaka sita kwenye ndoa bila ya mtoto, na leo binti yake anatimiza siku saba. Mbuzi wa akika keshachinjwa, nyumba nzima ya Bidiya, huku Uarabuni, inanuka udi na pilau, na mitende ya nyuma ya ukuta imetulia kama nayo imealikwa.

Lakini Tahira hakuwa ametulia. Ganiyu, Mnaijeria wake, alikwishaleta posa mara mbili, na mara mbili baba yake, Mzee Hamdun, alimrudisha kwa kahawa na maneno mazuri. Neno lenyewe alilisema ndani, kwa sauti ya chini: "Mimi simuozi binti yangu kwa mtu ambaye sijui babu yake kazikwa wapi." Kwisha. Aliyebaki upande wa Tahira ni Bi Khole peke yake. Ndiye aliyesema, mleteni kwenye akika, nimwone kwa macho yangu, kisha mimi na Hamdun tutajuana.

Ganiyu na Tahira walijuana Ibra, kwenye skuli moja ya binafsi. Yeye mwalimu wa Kiingereza, kutoka mji wa Ilorin, Myoruba mtoto wa Kiislamu. Tahira karani wa ofisi. Siku ya kwanza alipomjazia fomu alimuuliza jina lake, akamjibu, "Unataka lipi? Kwetu jina si la kuitia tu. Jina ni habari." Tahira aliinua macho amtazame mtu anayejibu hivyo, na macho yale hayakurudi tena kwenye fomu.

Baada ya adhuhuri Ganiyu aliingia na Maen, mumewe Shukriya, ambaye anasomesha naye. Kavaa dishdasha mpya, kanzu ya Kiarabu, kashika chupa ya asali. Alivua viatu mlangoni, akampa mkono Mzee Hamdun. Kisha akamwona Bi Khole juu ya kiti chake pembeni ya majlis, chumba cha wageni. Hapo akajilaza. Hakuinama wala hakupiga goti, alijilaza kifua chini juu ya zulia, mrefu mzima alivyo, na dishdasha yake mpya.

"Yaa Rabbi, kaanguka!" Badriya, mama yake Tahira, alipiga kelele. "Leteni maji!"

"Astaghfirullah," alisema Mzee Hamdun, "mtu hasujudiwi, kijana."

"Sisujudu, baba," Ganiyu alijibu akiwa bado chini, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. "Kwetu mwanamume anamwamkia mkubwa hivi. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, marahaba! Inuka mwanangu, usije ukanitia kiburi uzeeni." Bi Khole alimgeukia mwanawe. "Umeona, Hamdun? Miaka sitini na moja nimekuzaa, hujapata kuniamkia nikaona kisogo chako."

Watu wakacheka. Hata Mzee Hamdun mdomo ulimcheza kidogo chini ya masharubu. Tahira, pale mlangoni na birika la kahawa, aliuona ule mchezo wa mdomo, na moyo wake ukapata pa kukanyaga.

Mtoto aliletwa. Maen keshamchagulia jina, Wasan. Ganiyu alimtazama mtoto kwa muda, kisha akaomba ruhusa amtilie asali mdomoni.

"Daktari kakataza asali kwa mtoto mchanga," alisema Badriya haraka.

"Basi bibi aonje kwa niaba yake. Kwetu siku ya nane mtoto huonjeshwa asali, maisha yake yawe matamu. Huonjeshwa chumvi, akolee kwa watu. Na maji, kwa sababu maji hayana adui. Na kila mkubwa aliyekuja humpa jina lake. Mtoto mmoja anaweza kuwa na majina kumi."

"Majina kumi!" alisema Bi Khole na kidole chake tayari kimo kwenye asali. "Siku ya kuchukua pasi itakuwaje?"

"Afisa wa pasi huandika mpaka akalala na njaa, bibi."

Bi Khole alicheka, akalamba kidole, akafumba macho. "Haya, na wewe mpe lako. Umekuja na asali, huwezi kukaa bure."

Ganiyu alimwangalia Shukriya. Alikuwa kakaa na mtoto mapajani, amechoka, macho yamemvimba kwa kukesha. "Abeni," alisema. "Maana yake, tuliyemwomba tukapewa."

Shukriya alishusha mtandio usoni, na mabega yakaanza kumtikisika. Miaka sita ya kuomba, na mgeni kaja kuisema kwa neno moja. Mzee Hamdun alikohoa, akanyoosha kikombe chake tupu kwa Tahira, akanong'ona, "Mtilie mgeni kwanza." Maneno matatu tu. Lakini Tahira alimjua baba yake. Hivyo ndivyo mlango wake unavyofunguka, bila ya kelele.

Lau siku ingekwisha pale! Lau adhana ya alasiri ingeadhiniwa kabla ya Bi Khole kumeza asali yake na kuuliza swali moja zaidi!

"Na wewe, baba? Siku yako ya nane walikwita nani?"

Ganiyu alitabasamu. Aliulizwa jambo analolipenda. Hakujua, maskini, wala Tahira hakujua. Jina lenyewe alikuwa hajapata kumtajia. Siku zote alimwambia, hilo la nyumbani utalisikia kwa mama yangu.

"Ganiyu ni la msikitini. La nyumbani ni Durojaiye. Maana yake, kaa, uyafurahie maisha. Kaa usiende."

"Jina zuri. Na kwa nini wakuombe ukae?"

"Kwa sababu walionitangulia hawakukaa, bibi. Wa kwanza Rashidi. Alipokufa, wa pili wakamwita Malomo, yaani usiende tena. Akaenda. Wa tatu Banjoko, kaa nami kitako. Naye akaenda. Mimi wa nne. Kwetu ndivyo tunavyotazama, kabla hujampa mtoto jina, itazame kwanza nyumba. Nyumba yetu ilikuwa imelia sana."

Alisema bila ya huzuni, kama mtu anayesimulia vita alivyovishinda. Lakini mkono wa Bi Khole ulikuwa umesimama juu ya chupa.

"Wakiumwa na nini?"

"Homa. Wakilia mikono na miguu. Mama anasema Banjoko akilia mifupa usiku kucha, na macho yake yamekuwa manjano."

Kikombe kililia kwenye sahani yake. Ni Tahira, kakitua vibaya.

Katika nyumba ile hakuna asiyejua kilio cha mifupa. Hud, mdogo wake Tahira, alilia hivyo miaka kumi na moja, kisha akanyamaza moja kwa moja. Maradhi ya damu, hospitali wanayaita sikoseli. Bi Khole ndiye aliyekuwa akimkanda usiku kwa mafuta ya moto, akimwimbia. Na Tahira mwenyewe alipimwa akiwa skuli, akaambiwa yu mzima lakini anabeba mbegu ya maradhi yale. Asiolewe na anayebeba mwenzake.

"Wazee wetu wakisema ni mtoto yule yule," Ganiyu aliendelea, hajaona. "Anakuja, anarudi, anakuja tena. Kwa hiyo humwomba kwa jina lake. Ni imani za zamani tu, bibi."

"Hapana, baba," alisema Bi Khole taratibu. "Si mtoto yule yule. Ni damu ile ile."

Sasa Ganiyu alifahamu. Alimtazama Tahira, kisha akaingiza mkono mfukoni kwa haraka. "La, bibi, mimi nimepimwa! Tahira alinihadithia habari ya Hud tangu mwanzo, nami nilimwonyesha." Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, imekatika kwenye mikunjo, muhuri wake umefifia. "Nikiwa chuo. Damu yangu safi. Sibebi."

Bi Khole hakuitazama karatasi. Alimtazama yeye, kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyomtisha Tahira kuliko ukali wowote. "Mama yako kazika watatu, na wewe unatembea na kikaratasi? Kapime tena, mwanangu. Kapimeni nyote wawili."

Mzee Hamdun aliweka kikombe chini. Watu wakamgeukia, kwa kuwa yeye husema mara moja.

"Ya Ganiyu. Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kukukataa, Mungu ananisikia. Leo umeniondolea zote, imebaki hii moja. Kapimeni. Ukitoka salama, posa nimeipokea, na harusi tutaifanya kabla ya Ramadhani. Ukitoka unabeba, khalas, tusilaumiane."

*

Siku tisa Tahira alikaa baina ya mbingu na ardhi. Kwa mara ya kwanza alikuwa na neno la baba yake mkononi, na kwa mara ya kwanza alikuwa na hofu. Usiku wa tatu Ganiyu alimuunganisha na mama yake kwa simu ya video. Mwanamke mwembamba, kajifunga kilemba kikubwa cha samawati, meno yamepishana, anacheka kabla hujasema kitu. Hawakuwa na lugha moja ila Kiarabu kidogo cha madrasa, kwa hiyo Ganiyu alikuwa katikati anafasiri.

"Anasema wewe ni mzuri kuliko picha."

"Mwambie simu yake ina upole, imenipamba."

"Anasema mumewe, baba yangu, alifariki kabla hajaona mjukuu. Kwa hiyo wa kwanza akiwa mwanamume jina lake analo tayari. Babatunde. Maana yake, baba karudi." Ganiyu aliona haya kidogo. "Keshawaambia jirani zake wote."

Yule mama aliweka kiganja chake kwenye kioo cha simu, na Tahira, bila ya kufikiri, akaweka chake. Kisha mama akamwita mwanawe kwa jina la nyumbani. Durojaiye. Alilivuta mwishoni, kama mtu anayembembeleza mtoto asishuke kitandani. Tahira alilipenda jina lile mara moja. Lakini hakulitamka. Aliliweka, kama mtu anavyoweka nguo ya Idi, akasema nitalivaa siku yake. Alichofanya ni kuiandika namba ya yule mwanamke kwenye simu yake: Mama Durojaiye. Yule mama aliahidi siku ya kutoka majibu atampigia yeye mwenyewe. Anataka kusikia furaha kwa sauti ya mkwewe.

Siku ya kumi walikwenda kwenye kituo cha afya asubuhi kuchukua majibu ya damu. Muuguzi alikuwa Mabruka, mwanamke wa makamo, wazee wake walirudi kutoka Bujumbura, na Kiswahili chake kina lafudhi ya kule. Alipowaona aliinuka, akafunga mlango mwenyewe. Tahira ni mtu wa kutazama, tangu utotoni. Aliuona mkono ukishika kitasa polepole, akajua kabla hajaambiwa.

"Kaeni, wanangu. Maabara wamerudia mara mbili, mimi ndiye niliyewaambia warudie. Nyote mnabeba. Wewe Tahira kama tulivyojua. Na wewe, mwalimu. Ile karatasi yako ya zamani, sijui ni nani aliyekupimia, lakini alikosea."

Ganiyu alitoa tena ile karatasi, akaitandaza juu ya meza, akailainisha mikunjo. Miaka minane aliitembeza kama hirizi. "Maabara ya kichochoroni," alisema. "Yule kijana aliyenipima alikuwa anakula karanga."

Walitoka nje, wakakaa kwenye benchi la saruji linalotazama maegesho ya magari. Jua lilikuwa limeanza kuchoma. Baina yao paliachwa nafasi ya mtu mmoja, kama adabu inavyotaka, na siku hiyo nafasi ile ilikuwa pana kama jangwa la Wahiba.

"Robo," alisema Ganiyu. "Umemsikia muuguzi. Kila mimba ni robo tu ya hatari. Robo tatu wanasalimika."

"Mama yako ile robo ilimfika mara ngapi?"

Ganiyu aligeukia magari.

"Usinichukie," alisema Tahira.

"Basi tusizae. Wewe na mimi tunatosha."

"Na Babatunde?"

"Atasahau."

"Nani, mama yako?" Tahira alimgeukia. "Mama yako kazika watatu, hajasahau hata jina moja. Alikufundisha ukayasoma mbele ya bibi yangu kama Fatiha. Wewe ndiye aliyebaki, Ganiyu. Umebakizwa ili nyumba ile ijae tena. Mimi ndiye niende nikaifunge?"

"Kuna hospitali nje huko. Wanatazama kabla mtoto hajaingia tumboni, wanachagua asiye na maradhi."

"Najua. Maen kaniambia." Aliikunja ncha ya shela yake, akaikunjua. "Nimekaa nayo siku nne. Pengine kwa mwengine ni jambo la kheri, sisemi vibaya. Lakini mimi kila nikifikiri wanachagua, namwona Hud. Hud asingechaguliwa. Alikuwa akicheka na drip mkononi, akinambia, Tahira, mimi nina bomba kama la falaji inayonyweshea mitende. Nitamwambia nini?"

"Hud keshakufa, Tahira!"

Alisema kwa sauti, na mwanamke aliyekuwa akimshusha mtoto kwenye gari akageuka kuwatazama. Ganiyu akainamisha kichwa. "Nisamehe. Wallahi nisamehe."

"Umesema kweli. Keshakufa. Nilikuwa nimemshika mguu." Machozi hayakuja. "Nilisikia bibi yangu akimwambia, kaa mwanangu, kaa kidogo. Kwa Kiswahili. Hatukuwa na jina la kumwomba, tulimwomba hivyo hivyo. Sitaki kumzaa mtoto nikamwita kwa dua tangu siku ya nane. Sitaki kutazama nyumba yangu nikaona nimtie jina gani ili asiende."

Yule mwanamke wa kwenye gari aliingia ndani na mtoto wake.

"Baba yako angekubali?" aliuliza Ganiyu. "Tukimlilia?"

"Baba kasema khalas. Na bibi... Bibi yangu jana usiku kaja chumbani, kanishika mkono, kanambia, mimi ndiye niliyekufungulia mlango, na ikibidi mimi ndiye nitakayeufunga, unilaumu mimi. Nitamlaumu vipi? Yeye ndiye aliyemkanda Hud."

Ganiyu alisimama. Alitembea hatua mbili, akarudi. Alikuwa kavaa ile dishdasha ya siku ya akika, na kifuani, pale alipolala mbele ya Bi Khole, palibaki alama ndogo ya kahawa ambayo haikutoka.

"Mkataba wangu unaisha mwezi wa sita," alisema. "Mwalimu mkuu kanipa fomu ya miaka miwili mingine. Iko mezani kwako, hujaiona? Mimi nitafanya utakalosema. Ukitaka niijaze, nitaijaza, nitakaa Ibra niwe nakuona ukipita na mafaili, sitokuomba zaidi ya hapo. Usinambie maneno mengi. Niite tu."

"Nikwite?"

"Jina langu la nyumbani. Hujapata kuniita. Mara moja tu, Tahira, nami nitajua."

Lilikuwa mdomoni. Mungu shahidi, lilikuwa juu ya ulimi, silabi zote zimejipanga, na mvuto wa mwisho ule aliousikia kwa mama yake Ganiyu. Alimtazama: nyusi zake nzito, kovu dogo la kidevuni, macho yale yaliyomtoa kwenye fomu. Akaona akikaa atakavyokuwa. Mwaka mmoja, miwili, mitano. Mwanamume mzima anazeeka nje ya dirisha la ofisi, na mama yake Ilorin anaita jina la mtu aliyekaa mahali ambapo si pake.

Tahira aliinuka, akaikung'uta abaya yake.

"Fii amani llah, mwalimu Ganiyu," alimuaga.

Ganiyu alisubiri kidogo, labda kuna zaidi. Hapakuwa na zaidi. Basi akainamisha kichwa, akaweka mkono kifuani, akaenda. Alitembea polepole mno, kama anavyotembea mtu anayetarajia kuitwa. Alipofika kwenye gari alikaa na ufunguo mkononi, mlango wazi. Kisha akaufunga. Gari likapita kwenye lango, likashika njia ya mjini, na mti wa mharita ukalifunika.

Simu ikalia mkononi mwa Tahira. Alidhani ni bibi yake. Akageuza kioo, akaona picha ya mwanamke mwembamba mwenye kilemba cha samawati, anacheka kabla hajasikia kitu, na chini yake jina alilomwandikia kwa mkono wake mwenyewe.

Mama Durojaiye.

Ikaita, ikaita, mpaka ikakata. Halafu ikaanza tena kuita.